Imeganda Kwenye Keki

Jumatatu, 9 Oktoba 2000. Mitwero, Lindi.
Daftari hili nililinunua kwa ajili ya redio za watu: ya nani, inaumwa nini. Siku hizi redio haziletwi. Watu wananunua za Kichina sokoni na zikifa wanazitupa. Kurasa zimebaki, basi nitaandika mambo ya kompyuta, maana mtu asipoandika husahau jana aligusa nini. Mambo mengine yakiingia humu, yameingia yenyewe.

Leo kondakta wa basi la Dar kaniletea sidii ndani ya mfuko wa nailoni. Haina barua, haina salamu. Juu imeandikwa: Harusi ya Apolonia na Clemence.

Apolonia ni mwanangu, na sina mwingine. Aliolewa Dar mwezi wa nne, Jumamosi baada ya Pasaka, na mimi baba yake sikuwepo. Niliondoka Lindi mapema, suti nimeikunja vizuri. Mvua ilikuwa imeikata barabara. Tulilala Kinjumbi, tukasukuma gari kwenye tope, na tulipofika Rufiji tukakuta mto umemeza njia na hakuna chombo kinachovuka. Harusi ikapita mimi nikiwa ng'ambo hii. Malori yakageuza, nami nikageuza nayo. Nilimwandikia barua kumweleza. Hakujibu.

Nikaitia sidii kwenye kompyuta. Maharusi wanaingia kanisani kwa kurukaruka, mguu uko mlangoni, mara wako mbele ya padri. Sauti ina kwikwi. Baada ya muda mfupi mashine ikaganda. Prosesa yangu ni ya spidi 100, na picha hizi zinataka zaidi.

Ninachotaka kuona ni kimoja tu: keki ya wazazi. Maharusi wakishakata keki hupiga magoti mbele ya wazazi wa bwana harusi, halafu mbele ya wazazi wa bibi harusi. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili, kwa hiyo upande wetu ilikuwa nipokee mimi. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti. Sina ugomvi na hilo, nimezaliwa nimelikuta. Lakini nywele za yule mtoto nilizisuka mimi, vibaya, mpaka walimu wakacheka. Mjomba wake, Benjamini, alikuwa Dar anafanya biashara. Baada ya harusi Benjamini alinitumia salamu kwa mtu: "Mwambie shemeji asiwe na wasiwasi, nafasi yake niliijaza."

Niliijaza. Neno hilo ninalo tangu mwezi wa tano.

Jumanne, 10 Oktoba
Kompyuta hii niliipata mradi mmoja wa wageni ulipofunga ofisi na kuuza vitu vyake. Ilikuja na kitabu cha bodi, lile bamba la saketi lililo ndani yake. Leo nimekisoma mpaka macho yakauma. Kumbe prosesa haina spidi yake yenyewe. Bodi inaipigia mapigo, yenyewe inayazidisha. Wa kuamua ni jampa, vijipande vya plastiki unavyovichomeka juu ya pini. Ukihamisha jampa, mashine inakwenda mbio kuliko ilivyoandikwa mgongoni. Kitabu kinaonya mtu asijaribu, halafu kinaweka jedwali lote linaloonyesha namna ya kufanya.

Nimeanza na 120. Imewaka. Nilipiga kofi peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 11 Oktoba
Joto. Hakuna mteja.

Jumamosi, 14 Oktoba
Kuwaka siyo kusimama imara. Nimeandika programu ndogo: mashine ipige hesabu moja, irudie, ilinganishe jibu na la mwanzo, ikikuta tofauti ipige kengele. Nimeiacha kutwa. Kengele haikulia. Ningejua njia ya kupima watu hivi ningekuwa nimemjaribu Benjamini siku nyingi.

Mchana Biasha alipiga hodi. Ni jirani yangu, mjane, watu humwita Mama Hamida. Ameniletea mihogo ya nazi na maneno, maneno yakiwa mengi kuliko mihogo.

"Baba Apolonia, hiyo kompyuta umeivua nguo?"

Nilikuwa nimetoa bati la ubavuni ili ipate hewa. "Inahitaji kupumua, Mama Hamida."

"Na wageni wakija? Matumbo yote nje!"

Akaniambia kuwa Abilahi, mpwa wake mwenye banda la video, ana deki mpya ya sidii na runinga kubwa. Twende tukaangalie huko, tumalize kazi kwa saa moja. Nikamwambia asante. Akili yangu haijafika mahali pa kumtazama mwanangu akimpigia magoti mtu mwingine huku wabeba mizigo wa bandarini wanakula karanga.

Jumanne, 17 Oktoba
Kwa 120 picha inatembea, sauti inachelewa. Padri anafumba mdomo ndipo anasema amina. Imeganda nje ya kanisa, wanapiga picha.

Nimejaribu kuruka mbele hadi kwenye keki. Mashine inakufa hapo hapo. Lazima kila mara nianze mlangoni mwa kanisa.

Jumatano, 18 Oktoba
Imeganda nje ya kanisa.

Jumapili, 22 Oktoba
133! Nimehamisha jampa nyingine na imekubali. Nimetoka misa, sikuvua hata viatu.

Ikacheza safi. Apolonia anatembea kama anavyotembea, akitanguliza bega la kushoto kama anayepenya mlango mwembamba. Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Nililia kidogo, sina haja ya kulificha daftari. Wakatoka kanisani, wakapanda magari, wakaingia ukumbini. Utambulisho, shampeni, keki. Mshereheshaji akasema, "Sasa kwa wazazi wa bwana harusi!" Wakapiga magoti, mama yake Clemence akalishwa, vigelegele. Wakainuka, Apolonia ameshika kisahani, akaanza kugeuka kuelekea upande wetu.

Ikaganda.

Nusu ya uso wake iko kwangu na nusu iko ukweni. Sikuizima. Niliweka chai nikanywa nikimtazama. Nyumba ilikuwa kimya, nikaona afadhali hivyo kuliko kiti kitupu. Nikagusa bamba la chuma linalopoozea prosesa, kidole kikarudi chenyewe. Ubaya ni joto. Mwanzoni iko imara, ikichemka inapotea.

Jumatano, 25 Oktoba
Kati ya bamba na prosesa panatakiwa dawa ya kupitisha joto. Lindi haipo. Nimepaka dawa ya meno. Imefika kwenye keki, imeganda anapogeuka. Nyumba inanukia mnanaa.

Ijumaa, 27 Oktoba
Dawa ya meno imekauka, imekuwa chokaa. Imeganda kwenye shampeni.

Jumatatu, 30 Oktoba
Uchaguzi ulikuwa jana. Leo mji mzima uko kwenye redio na hakuna hata mmoja aliyeniletea yake nitengeneze. Imeganda kwenye utambulisho.

Ijumaa, 3 Novemba
Kila siku jua linazidi na kila siku harusi inafupika. Leo hawakufika ukumbini. Majirani wanakausha korosho mbele ya nyumba, wanakaa pamoja, wanachambua, wanacheka. Mimi nimefunga dirisha la upande huo kwa sababu ya vumbi. Si kwa sababu ya vumbi tu.

Jumapili, 5 Novemba
Feni ya meza nimeigeuzia kompyuta. Feni ninayo moja, kwa hiyo mimi natoka jasho na prosesa inapigwa upepo. Biasha amepita mlangoni, ameona, ametikisa kichwa akaenda zake. Ana tabia ya kutikisa kichwa inayoudhi kuliko maneno.

Imefika kwenye keki tena. Imeganda anapogeuka.

Jumatano, 8 Novemba
Nimeongeza umeme unaoingia kwenye prosesa. Kuna jampa yake. Umeme zaidi unaifanya isiyumbe, lakini pia unaichemsha zaidi, kwa hiyo unaipa nguvu kwa mkono mmoja na kuichoma kwa mwingine. Nimepima asubuhi wakati kuna ubaridi na feni iko puani pake.

Aligeuka! Apolonia akageuka uso mzima, macho mekundu, akatazama mbele. Mshereheshaji akasema, "Na sasa, baba mzazi wa bibi harusi..." Pembeni mwa picha, mkono wa koti la kijivu ukaanza kuinuka kutoka kwenye kiti.

Ikaganda.

Koti la kijivu ni la Benjamini. Alilivaa kwenye mazishi ya dada yake, mke wangu. Nimeutazama mkono huo mpaka adhuhuri. Basi ni kweli, niseme nini. Lakini nataka nione uso wa mtoto wakati anampa. Kama alicheka, nijue alicheka, niache kusumbuka.

Mkono huu unaniuma kuliko salamu zake zote.

Ijumaa, 10 Novemba
Kesho jumuiya ya kanisa inasali kwangu, ni zamu yangu. Biasha anasema atakuja kufagia, maana nyumba yangu ni aibu kwa mtaa mzima, Waislamu na Wakristo. Nimekubali. Mashine nitaiacha ikipiga hesabu toka alfajiri. Ikimaliza bila kengele, Jumapili naona keki.

Jumamosi, 11 Novemba


Asubuhi nilienda mjini kununua sukari na chai ya wageni. Mashine niliiacha inapiga hesabu, bati wazi, feni imeielekea. Kwenye kituo cha mabasi nikakutana na mtu wa zamani wa ushirika, ananiuliza hali, na mtu akikuuliza hali huwezi kumwacha ukimbie. Niliporudi, jumuiya walikuwa wamekwisha kufika na sala imeanza.

Sebule sikuitambua. Sakafu imepigwa maji, viti vimepangwa, na kwenye migongo ya viti vitambaa vya kufuma. Kwenye redio kitambaa. Na juu ya kompyuta yangu, kutoka juu mpaka mezani, pande zote, kitambaa kikubwa cheupe chenye maua ya waridi, kizito, kimefumwa kwa uzi maradufu. Feni imegeuzwa, inawapepea wageni.

Wote walikuwa wamepiga magoti. Kati ya mimi na meza kulikuwa na migongo ya watu, na katikati Mzee Eusebio, katekista wetu, anaongoza rozari kwa sauti yake ile isiyo na haraka. Ningefanyaje? Nikanyage watu wakiwa kwenye Salamu Maria? Nipige kelele "prosesa"? Nikapiga magoti mlangoni. Nikajibu kama wengine. Kila fungu nikawa nasikia harufu, kwanza ya vumbi la moto, halafu ile nyingine ninayoijua kwa miaka ya redio, na mwanamke mmoja akanusa akafikiri mkate unaungua kwa jirani. Niliombea mashine, Mungu anisamehe, katikati ya mafumbo ya utukufu.

Amina ya mwisho ilipotoka nikaruka. Nilivuta kitambaa. Kilikuwa na joto kama kimetoka kwenye pasi. Kioo cheusi. Nikawasha upya, hakuna. Nikarudisha jampa zote mahali pake, 100 kama ilivyozaliwa. Hakuna. Imekufa.

Biasha alikuwa anaingia na birika la chai. Nilimpigia kelele mbele ya jumuiya nzima. Nilisema amezoea kuingia nyumba za watu. Nilisema nani alimtuma. Nilimtupia kitambaa chake, kikaanguka kwenye maji ya sakafu.

Aliliweka birika chini polepole. "Nilikifuma mwezi mzima, Baba Apolonia," alisema. "Nilikuonea huruma. Mtu anakuja kwako anakuta wewe na matumbo ya chuma, basi. Nikasema walau wakione kitu kizuri."

Akakiokota akaenda. Wageni wakanywa chai haraka wakaondoka.

Jumapili, 12 Novemba
Sikwenda misa.

Jumatatu, 13 Novemba
Nimeifungua prosesa, nimeisafisha, nimeirudisha. Bure.

Ijumaa, 17 Novemba
Hakuna hodi. Sikujua kama hodi ya Biasha ndiyo iliyokuwa inanigawia siku. Sasa mchana ni mmoja mrefu.

Jumatatu, 20 Novemba
Joto. Kwa jirani wanacheka.

Jumatano, 22 Novemba
Nimekwenda kwake. Alikuwa barazani anachambua korosho. Nikasema, "Mama Hamida, nimekuja kuomba radhi."

Akaendelea kuchambua. "Radhi ya kitambaa au ya maneno?"

"Ya maneno. Na ya kitambaa."

"Kaa basi. Chukua ungo."

Nikakaa, nikachambua. Mikono yangu imezoea vitu vidogo, hakunicheka. Baadaye nikamweleza kila kitu, keki, koti la kijivu, mto. Sikuwahi kumweleza mtu. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea.

"Sasa wewe mwezi na nusu unaisukuma hiyo mashine," akasema, "na deki ya Abilahi iko hapo mjini."

"Sikutaka watu waone."

"Waone nini? Kwamba una mtoto?"

Jumapili, 26 Novemba
Mwezi wa Ramadhani uko mlangoni, na Abilahi alisema akishafunga banda hafungui mpaka Sikukuu. Basi leo au sahau. Alasiri tukaenda, mimi na Biasha. Abilahi, kijana mpole mwenye kofia ya mkeka, alituahidi kutuonyesha peke yetu kabla ya filamu ya karate. Lakini wenye karate yao walikuwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi, na hakuna aliyekubali kutoka. Nikasema wabaki. Nilichoka kuficha.

Deki ile haikuyumba hata mara moja. Nilikaa nikisubiri igande, mabega yamekaza, kwenye shampeni, kwenye utambulisho. Haikuganda. Watu wakawa wanasema, "Bibi harusi ana mwendo huyu," na Biasha anawajibu, "Ni mtoto wa huyu mzee hapa." Wazazi wa bwana harusi wakala keki. Apolonia akageuka. Mshereheshaji akasema, "Na sasa, baba mzazi wa bibi harusi, au mwakilishi wake!" Mwakilishi wake. Mwezi mzima mashine ilinikatia maneno hayo mawili.

Benjamini akainuka, akavuta koti la kijivu likae sawa, akaja mbele akitabasamu, akafungua mikono. Apolonia hakupiga magoti. Alimshika mshereheshaji mkono, akamwomba kipaza sauti. Ukumbi ukanyamaza, na banda la Abilahi likanyamaza pia.

"Mjomba nampenda, na yake nitampa," akasema. "Lakini hii ni ya baba. Baba yuko njiani."

Akakikabidhi kisahani kwa msimamizi wake, matroni, mwanamke mnene wa nguo ya zambarau, akifunike. Benjamini akabaki na mikono yake wazi, halafu akaishusha. Mtu akaanza kupiga makofi.

Biasha akapiga kigelegele mle ndani, kirefu, na wabeba mizigo wakapiga mabenchi kwa viganja. Mmoja alinishika bega akasema, "Hongera, mzee." Nililia waziwazi na sikujali.

Jumatatu, 27 Novemba
Sijagusa mashine. Siku nzima natembea ndani ya nyumba, mara nacheka. Nimetafuta kadi ya harusi, ina namba ya simu ya kazini kwa Clemence.

Alhamisi, 30 Novemba
Nimekwenda kupiga. Laini mbovu.

Jumatatu, 4 Desemba
Mvua ya kwanza imeanza kunyesha asubuhi, kubwa, ya kelele. Nimekwenda posta na mwavuli wa Biasha. Simu ikaita, akapokea Clemence, kijana mwenye adabu, "Shikamoo baba," akasema nisikate, Apolonia yuko pale pale ofisini leo, amemletea chakula.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nilisikia anapumua.

"Sidii umeiona?" akauliza.

"Nimeiona wiki iliyopita. Nimeiona yote."

"Wiki iliyopita? Baba, nilituma mwezi wa kumi."

"Mashine ilikuwa inaganda. Prosesa ni ndogo, nikaiongeza spidi, ikawa inachemka, nikabadilisha..." Nilijisikia nikieleza jampa na feni na dawa ya meno, nikieleza kwa bidii, kama anayetetea kitu. Aliniacha nimalize.

"Kile kipande cha keki kilikaa kwenye friji ya matroni wangu mpaka kikaota ukungu," akasema. "Kila siku ananiuliza, baba kafika? Namwambia bado."

"Mto ulikuwa umejaa, mwanangu. Nilikuandikia."

"Barua niliipata. Najua mto ulijaa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lilinivunja. "Mto ulipungua mwezi wa sita, baba. Magari yalikuwa yanapita kila siku."

Nilishika ile simu. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Kondakta aliyeniletea sidii alifika kwa barabara hiyo hiyo, akageuza gari siku ya pili yake akarudi Dar, na viti vilikuwepo. Mimi niliingia ndani nikafungua kitabu cha bodi.

"Kesho napanda gari," nikasema.

"Baba, mvua zimeanza."

"Zimeanza na huku. Nakuja hivyo hivyo."